Mwenye Ufunguo ya Chumba Yetu

Mi sikusoma. Haya maneno nayasema na mudomo, muke wa mutoto yangu njo anaandika. Nimemukataza kuyasafisha. Nilimuambia, ukisafisha nitakuiga mbele ya mama yako, vile unaongeaka ukitaka pagne, kitenge mupya. Basi anaandika vile natoa, na anacheka. Acheke tu, lakini aandike.

Kuiga njo kitu Mungu alinipatia pahali ya masomo. Tangu niko kasichana kule ngambo ya mupaka, mu Bukavu, nikisikia muntu anaongea, sauti yake inalala mu koo yangu. Padri mwenye alikuwa anavuta maneno kama muntu anavuta mbuzi. Muuza makala. Askari wa mupaka akishaona mufuko na hayui bado iko na nini ndani. Bote niko nabo humu. Nikizeeka, meno inatoka, sauti za bantu hazitoki.

Kazi yetu iko Nkanka, pale kahawa inaoshwa, karibu na ziwa. Ikishaoshwa banaitandaza ku meza ndefu za waya, na sisi bamama tunakaa pembeni tunatosha na kutupa zile mbovu: yenye kuvunjika, yenye kadudu kalitoboa, yenye iko na rangi ya kugonjwa. Mikono inafanya kazi, mudomo inabaki bure. Njo mi nilikuwaka wa lazima pale. Mama moya alisemaka kama nikikosa kuya, kahawa inakuwa mingi kuliko siku zingine.

Kapita yetu, mwenye anasimamia meza, ni rafiki yangu. Naweza kusema dada. Tuliuza mandazi pamoja mu Kadutu, kule Bukavu, tukiwa bado hatujaota matiti, tuliolewa mu mwaka moya, tulivuka daraja ya Rusizi kurudi huku pamoja, mi na sufuria ku kichwa, yeye na godoro. Yeye pia hakusoma. Lakini iko muntu wa mupango. Anaongea kidogo, na mbele ya kuongea anakohoa kidogo, hum, kama muntu anapiga hodi. Kama bangenichagua mi kuwa kapita, kahawa yote ingeliwa na mbuzi.

Basi. Kukakuya shefu mupya. Kijana wa Kigali, muzuri, viatu haviyui matope. Kiswahili yake ilikuwa ya kujifunza, na ile L yake na R zilikuwa zimebadilishana nyumba. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu: "Bon, bamaman, kazi inaenderea?" Mi nilisikia ile "inaenderea" na nilimushukuru Mungu, juu nilikuwa nimepata kitu ya kula mwaka muzima.

Huyu shefu njo alileta mambo ya vyumba. Alituweka mu programe moya ya kuongea ku telefone, ya kazi. Mule ndani muko vyumba: chumba ya bashoferi, chumba ya benye banaosha, chumba ya biro, na chumba yetu sisi bamama ya meza. Muntu wa chumba ingine haingii kwetu. Kila chumba iko na muntu moya mwenye anashikaka ufunguo, ile ya kuingiza bantu na kutosha. Ya kwetu alipewa kapita. Siku ya kwanza alitukusanya, akakohoa, akasema: "Hum. Hii ni chumba yetu. Muntu wa biro hataingia humu, mi nikiwa ku mulango." Tulipiga makofi.

Sasa musikie vile tulikuwa tunaitumia. Telefone za kugusa ku meza yetu zilikuwa kidogo. Mi niko na kale kadogo ka tochi, kanaitaka tu na kuitika. Na wengi hatuyui kuandika, tulikuwa tunatuma vokali, ujumbe ya sauti. Ukitaka kusema kitu, unachukua telefone ya mwenye iko karibu, unabonyeza, unasema, unarudisha. Telefone ku meza ilikuwa kama kikombe ya maji, inazunguka. Hakuna muntu alikuwa anauliza iko ya nani, juu sauti inayulikana. Jioni, kila muntu kwake, ule mwenye telefone anafungua, familia yote inasikiliza. Na wakati mwingi ni mi njo nilikuwa ndani: naiga shefu anagombeza mvua, naiga mama fulani anamuomba bwana yake ruhusa ya kwenda kwa dada yake. Mule mu chumba tulikuwa tunacheka kuliko ku meza.

Kisha maneno ikaanza kutoka.

Mama moya alisema mule ndani kama anaenda Mururu ku mahari ya mutoto ya kaka yake, na ku biro atasema alikuwa na mugonjwa ku hospitali ya Mibirizi. Aliporudi, shefu alimusalimia vizuri sana, akamuuliza kama walikula vizuri ku sherehe. Bila hasira. Ule mama alikaa na kahawa ileile mu mukono mpaka saa ya chai. Kisha tulizungumuza mule mu chumba kama tutamuomba batuwekee kivuli upande wa jua. Hatukuwa tumechagua bado nani ataenda kuomba. Kesho yake shefu alikuya mwenyewe, akasema kivuli itawekwa. Musifikiri tulifurahi. Kupata kitu yenye haujaomba bado, inaogopesha kuliko kukosa.

Bamama balianza kuangaliana. Nani anabeba maneno yetu?

Mi nilikuwa nacheka bado, sikuona kama banaangalia upande yangu. Juu kila siku, saa ya chai, mi njo nilikuwa napelekea shefu ya kwake ku biro. Na nilikuwaka nakawia kule, namuambia habari za mvua ya zamani, anacheka. Mama moya wa mudomo mukali, mwenye anasuka vikapu akitoka ku kazi, siku moya alisema na sauti ya juu, bila kuniangalia, "Muntu mwenye anabebaka sauti za bantu, atashindwa na kubeba maneno yabo?"

Bote baliinamia kahawa. Nilitafuta sauti ya kumuyibu nayo, na mu koo hamukukuwa hata moya.

Kutoka pale, nikifika ku meza, maneno inakatika. Banasalimia, ndiyo: "Umeamuka, Maman?" Lakini ni salamu ya ku hospitali. Mu benchi pahali yangu ikakuwa ndogo, kisha ikakosa. Kapita akakuya, akakohoa, akasema nikae kule mwisho ya meza, kule upepo inatoka ku ziwa, eti kule kahawa inahitaji macho ya muzee. Macho yangu mi, yenye inaona mbuzi na inasema ni askofu. Nilimuangalia. Nilifikiri ananisaidia, ananitosha mu vita. Nilimushukuru. Nakumbuka vizuri nilimuambia "aksanti, dada."

Mwenye alibaki na mi kule mwisho ni mama ya mapacha. Kijana, bwana yake alienda kutafuta kazi na hajapata kazi wala njia ya kurudi. Mapacha anawaacha Mururu kwa mama yake, anashuka na miguu kila asubuhi. Anaongeaka polepole, kama muntu anaweka mayai chini. Yeye alibahama bamama, akakuya kukaa na mi ku upepo. Akasema kama ingekuwa ni mi nabeba maneno, angesikia, juu mi siwezi kuficha kitu bila kuicheza.

Nilitaka bacheke tena. Njo kitu tu nilitaka. Siku moya nikachukua telefone yake, ile iko na kioo imepasuka, nikabonyeza, nikamuiga yeye mwenyewe, na yeye iko pale anashika mbavu: "Mi... nachoka... na hii kahawa. Kesho... naenda ngambo... kuuza samaki za sambaza. Na meza yote... inanifuata. Tutamuachia shefu... kahawa yake... atoshe mwenyewe." Nilituma. Jioni tukasikia bamoya balicheka mule mu chumba, kidogo, bila kutaka. Nililala vizuri.

Kesho yake saa ya chai shefu alimuita mama ya mapacha.

Alirudi na uso umekauka. Alichukua kitambaa yake, akatoa na kale ka sahani kake ka kulia. Shefu alimuambia, na upole, eti ameelewa huyu mama anaacha kazi na kupeleka bantu ngambo, na hawezi kumuzuia muntu, lakini anahitaji kuyua, juu kahawa haingojaki. Amekwisha kuita mama mwingine. Mama ya mapacha alijaribu kusema hapana, maneno yake ikakawia njiani kama kawaida, na shefu akaona ni haya ya muntu amekamatwa.

Alisimama mbele yangu, akaniambia polepole: "Maman. Bo banasema ni weye. Mi nilikataa. Niambie nirudi kukataa."

Nilitaka kulia, lakini kitu kingine kilitangulia. Nikamuuliza: huyu shefu alisema nani njo alisema ile maneno ya sambaza? Akasema: alisema ni yeye mwenyewe, mama ya mapacha. Alisema "weye ulisema."

Sasa munisikilize. Ku meza yetu hata mutoto wa ku mugongo anayua ile sauti ilikuwa ya kwangu. Mama wa vikapu anayua. Kama ni muntu alibeba ile maneno, angeenda ku biro kusema: ule muzee anacheza tena. Mwenye alibeba, hakuyua kama ni muchezo. Hakuyua hata kama ni mi. Aliona telefone ya mama ya mapacha, akasema ni mama ya mapacha. Ku meza yetu hakuna muntu wa vile.

Nilichukua chai ya shefu, nikapanda ku biro. Sikubisha hodi.

Alikuwa mbele ya ordinateri yake, ile kompyuta. Nilimuambia aniambie muntu mwenye anamuletea maneno. Alishangaa, hakukasirika. Akageuza kile kioo kama mi naweza kusoma, kisha akakumbuka, akarudisha, akanieleza. Haiko muntu, Maman. Ni mashini. Iko na akili yake ya kutengenezwa. Kila jioni inapita mu vyumba vyote, inasoma yenye imeandikwa, inasikiliza vokali, inazigeuza maandishi, kisha inamuambia kwa kifupi: kesho nani hatakuya, nani analalamika nini, wapi kuko shida. Alisema inamusaidia sana, juu vyumba viko vingi na yeye iko moya. Njo ilimuambia habari ya kivuli, na alifikiri sisi tutafurahi.

Nikaweka chai chini. Nikamufanyia mama ya mapacha, mayai yote moya moya, mpaka sambaza. Aliangalia mulango kama anafikiri ule mama ameingia. Kisha nikamufanyia yeye: "Bon, bamaman, kazi inaenderea?" Alicheka na mukono ku mudomo. Kisha akauliza kama ku telefone moya tunaongeaka wengi. Nikamuambia: bote. Akapapasa uso. Akasema yule mama arudi leo hii, yeye mwenyewe atamuomba musamaha. Na alifanya, lazima niseme, alishuka ku matope na vile viatu.

Lakini mi sikukuwa nimemaliza. Nikamuuliza: hii mashini yako ilipita wapi kuingia kwetu? Ulitobola ukuta?

Alisema neno moya moya, na naona alikuwa anafikiri nayua. "Maman, haiwezi kuingia mu chumba kama mwenye ufunguo hajaikubali. Kapita yenu njo aliifungulia. Tangu mwanzo ya musimu ya hii kahawa. Aliniambia, bamama bote banakubali."

Nilimuomba anirudishie kikombe, na hakuwa amekunywa bado.

Nashuka ile njia, na mu kichwa nasikia: hum, bamama bote banakubali. Inasikilika vizuri kabisa, na kukohoa kwake. Kumbe ile siku ya mama wa vikapu, kapita alikuwa anayua. Ile siku alinipeleka ku upepo, alikuwa anayua. Nilimuambia aksanti, dada, na akaitikia.

Mawingu yalikuwa yanatoka upande wa ngambo. Mvua ikikuya, kila kitu inaachwa, tunafunika kahawa na plastiki ndefu, babili babili, moya huku na moya kule, banavuta. Mi na kapita tumevuta pamoja tangu tuingie pale, juu miguu yetu iko sawa. Alisimama kule mwisho ya meza yake, nikashika huku. Bamama bengine balikuwa mbali, kila muntu na plastiki yake, na upepo inachukua maneno.

"Ulifungua," nikamuambia.

Hakuuliza nini. Alivuta plastiki, akaweka jiwe juu. Tukasonga ku meza ingine. Pale njo alisema. Alisema zamani kila jioni alikuwa anapaswa kupeleka rapore, ripoti ya meza, ku biro, na huyu shefu mupya aliitaka ya kuandikwa. Alijaribu binti yake amuandikie, binti akaolewa. Alikuwa anaogopa bamutoshe, baweke kasichana kenye kamesoma. Kisha shefu akamuambia kuko mashini itafanya rapore yenyewe, yeye afungue tu mulango. Alifikiri itachukua habari ya kahawa. Hakuyua kama itabeba na mahari ya Mururu.

Nilisema sawa. Hiyo naelewa. Kuogopa naelewa, nimeogopa maisha yangu yote na nimeolewa mara mbili. "Lakini wakati balisema ni mi?"

Plastiki ilijaa upepo katikati yetu, sikumuona uso. Nilisikia tu anakohoa.

"Weye banakusameheka," alisema. "Unabachekesha, kesho banasahau. Mi siyui kuchekesha muntu. Mi habangenisamehe."

Nimeibiwa mu maisha yangu. Nimefukuzwa. Bwana ya kwanza alinidanganya na muke mwenye alikuwa na sauti mbaya, njo yenye iliniumiza zaidi. Lakini hii ya rafiki kuangalia, kupima ndani ya kichwa, na kuona ni mi njo naweza kubeba muzigo yake juu nachekeshaka bantu, hii sikukuwa nimeiona bado. Nilimuambia kesho saa ya chai abaambie bamama. Aseme yeye mwenyewe, na mudomo yake. Kama hasemi, nitasema mi, na nitasema na sauti yake.

Kesho yake saa ya chai alisimama. Bote tuko pale na vikombe, mama ya mapacha amerudi, kale ka sahani kake kako ku magoti. Kapita akakohoa. "Hum. Bamama. Hakuna muntu alibeba maneno yetu. Biro iliweka mashini mu chumba, inasikiliza. Sisi bote tulidanganywa. Huyu muzee alionewa. Nimeitosha ile mashini jana jioni."

Akakaa. Njo hiyo tu. Sisi bote tulidanganywa. Aliingia mule mu "sisi bote" kama muntu anaingia mu harusi yenye hakualikwa, katikati ya bantu, kichwa chini.

Bamama baligeukia mi. Mama wa vikapu alikuwa wa kwanza, alisimama, akanipa kikombe na mikono miwili, akasema nimusamehe, ni jua ilimupiga. Bengine balisukumana ku benchi mpaka pahali yangu ikaonekana tena, kubwa kuliko zamani. Mama moya alilia kidogo. Shefu akatukanwa vizuri, ule kijana wa bure, hata viatu vyake vilitukanwa. Na mi nilikuwa na ile maneno mu mudomo, imeiva, yote, na hum yake: bamama bote banakubali. Kungetosha kufungua meno tu.

Niliangalia kapita. Alikuwa anaangalia kahawa, anatosha zenye ziko nzima.

Nikakunywa chai. Siyui kama ni huruma. Nafikiri ni juu nilitaka pahali yangu ku benchi, na nilikuwa nimeipata, na nilikuwa nimechoka na upepo.

Ile chumba ya telefone iko bado, lakini haina muntu. Bamama banasema hata kama mashini imetoka, nani ataona ikirudi? Balitaka ufunguo nichukue mi. Nilikataa, nikabaambia mi naweza kufungulia hata mwizi kama iko na sauti nzuri. Tunaongea ku meza, mudomo kwa sikio. Nimerudi kufanya bote: shefu na viatu vyake na matope, mama wa vikapu anaomba musamaha, mama ya mapacha anamuomba ule mama mwingine aondoke ku pahali yake, polepole sana, mpaka ule mwingine analala akingoja. Banacheka.

Siku moya, moya kati yabo aliniuliza: Maman, mbona haufanyaki kapita? Bote unabafanya, yeye hapana. Kapita alikuwa karibu, mikono yake ikasimama juu ya kahawa.

"Ile sauti," nikabaambia, "bado sijaipata."

Mvua bado inakuyaka na upande wa ngambo. Bote banasimama, kila muntu anashika mwisho ya plastiki yake, na mi nakuta miguu yangu imenipeleka ku meza ileile. Kapita iko kule, niko huku. Anakohoa, anasema vuta. Navuta. Hatuongezi kitu ingine.